Mfupa Unataka Kazi

Kila asubuhi Mzee Maroa alimkalisha mkewe Boke kwenye kiti, akamfunika miguu kwa shuka, kisha akaenda kukama ng'ombe. Akirudi, aliosha vyombo na kufagia nyumba mwenyewe. Wanaume wa Kehancha walimcheka. Hakujali, akavuta sigara yake.

Maroa alikuwa na hofu. Mwaka 1994 mama yake mzazi aliteleza mlangoni akavunjika nyonga. Hakuinuka tena mpaka walipomzika. Miaka miwili baadaye Boke, mwenye umri wa miaka sitini na minne, alijikwaa kidogo tu, akavunjika mkono. Mkono ulipona, lakini Maroa alikataa asiguse kazi yoyote.

"Baba Mellen, hata mboga nisichume?"

"Hata mboga. Nitachuma mimi."

Mara mbili alileta magugu akidhani ni mboga. Boke aliyatupa kimya kimya.

Miezi minne ikapita. Siku moja Boke alijaribu kusimama. Magoti yalitetemeka, akashika ukuta. Maroa akakimbia kumwita jirani yao Roselyn, muuguzi wa zahanati.

"Nani anamkalisha hapa siku nzima?" Roselyn aliuliza.

"Ni mimi. Nampenda huyu mama. Sitaki avunjike."

"Najua unampenda, Mzee. Lakini hiki kiti kinamdhoofisha. Mfupa ni kitu hai. Mtu akitembea, mfupa unapata nguvu. Akikaa tu, mfupa unazidi kuwa mwembamba. Tena mwanamke akishakoma hedhi, mifupa yake hupungua haraka. Miguu nayo ikilegea, kuanguka ni rahisi."

Maroa aliinamisha kichwa. "Kumbe ni mimi ninayemvunja."

"Hukujua, Mzee." Roselyn akamgeukia Boke. "Mama, unakunywa maziwa?"

"Maziwa ni ya wajukuu. Mimi chai bila maziwa inanitosha."

"Haitoshi. Kunywa maziwa nawe. Kula samaki wadogo kama omena, wazima na mifupa yao, pamoja na mboga za kienyeji. Ota jua la asubuhi. Tembea kila siku, ukishikwa mkono kwanza. Na wewe Mzee, toa mawe hapo mlangoni. Maji yakimwagika sakafuni, yapanguse. Hiyo sigara pia uiache. Inadhoofisha mifupa, hata ya wanaume."

Kumshika mke mkono njiani, mchana kweupe! Maroa aliona haya. Lakini kesho yake walitoka. Siku ya kwanza walifika kwa jirani tu, Boke akihema. Mwezi wa pili walifika sokoni. Sigara ndiyo iliyomsumbua Maroa. Aliiacha, akairudia, akaiacha tena.

Mvua zilipoanza, walikuwa wakitoka sokoni Boke alipoteleza kwenye matope. Boke aliyumba, akakita mguu, akasimama wima.

"Umeumia, Mama Mellen?"

"Sijaumia. Miguu imekataa kuanguka." Boke alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Sasa unaweza kuniachilia mkono, mzee wangu."

"Najua," Maroa alisema.

Hakuuachilia mpaka walipofika nyumbani.