Doa Kwenye Mlango wa Alumini

Doa lenyewe lilikuwa dogo, kama alama ya kidole gumba, na lilinuka udi. Sasa niambieni, chumvi ya bahari inayochafua milango ya pwani imeanza lini kunuka udi?

Dishon, kijana wa bara aliyeoa huku pwani, kijiji cha Mwabungo, alikuwa akisafisha milango ya hoteli kwa leza, mwanga mwembamba unaochoma uchafu juu ya alumini na kuiacha ile ngozi ya rangi iliyotiwa kiwandani. Kazi ya kiungwana, hata jasho halimtoki! Ila mwanga ule hupofusha, kwa hiyo karakana yake pale nyumbani haikuwa na dirisha, na akianza kazi hujifungia kwa komeo.

Mkewe, Kadzo, alikuwa uani anakuna nazi aliposikia mashine imenyamaza na mumewe anacheka. Dishon huyo, aliyenuna hata siku ya harusi yake!

"Kuna nini humo?"

"Doa linahama," Dishon alijibu. "Nikilichoma huku, liko kule. Kadzo... sasa liko mkononi mwangu."

Kicheko kikaja tena, kizito, cha mwanamke mtu mzima, na udi ukapenya chini ya mlango, na Dishon akawa anagonga kwa ndani, analia kwamba komeo halishikiki, kila akilitia mkono vidole vinapita kama vinapita moshini, na kuna mtu nyuma yake anampumulia shingoni.

Kadzo akamkimbilia jirani yake Bi Mwinga, mganga, akaja naye, bibi mwenyewe anatafuna tambuu.

"Shikamoo, bibi. Nitolee mume wangu."

"Marahaba. Mumeo kamfukuza jini kwenye kiti chake, hilo doa alilokalia, na milango kaifunga. Atokee wapi, puani? Sisi tukimpunga mtu pepo, mlango huwa wazi, na jini tunampa pa kwenda."

"Basi tuvunje!"

"Ukivunja, jini atamwingia wa kwanza atakayemkuta nje. Kalete kuku, amwingie yeye."

"Kadzo," sauti ya mumewe ikasema kutoka ndani, nyembamba sasa, "hewa imekwisha."

Kadzo hakungoja kuku. Alishika shoka, akauvunja mlango.

Dishon akaangukia nje, mzima, mkono safi, akamkumbatia mkewe huku analia kama mtoto. Kadzo akampapasa kichwa.

"Asante, mwanangu," akamwambia, kwa sauti nzito, ya kile kicheko. "Humu kuna nafasi."

Bi Mwinga akarudi nyuma. Dishon, sikio lake likiwa bado kifuani pa mkewe, akamsikia Kadzo kwa mbali, ndani kabisa, anagonga.