Risasi ya Mwezi wa Idi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nuria aliondoa mbao za dirisha la duka na kufagia unga uliomwagika karibu na kinu. Duka lilikuwa la baba yake, Mzee Darweshi, kando ya barabara ya Subukia. Nyuma yake kilikuwa kinu cha mahindi, na Masinde, mfanyakazi wa kinuni, alikuwa amekwisha kuwasha injini.

"Dada mdogo, leo umechelewa," Masinde alimtania. "Hata mahindi yameamka kabla yako."

Mwaka huo wa 1954 watu walisaga mapema na kurudi kwao mapema. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Mtu aliyeonekana nje baada ya jua kutua angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina.

Asubuhi moja mbao za duka la jirani yao, Mzee Ladan, hazikuondolewa. Nuria ndiye aliyeiona damu. Ilikuwa imepita chini ya mlango na kukauka kwenye ngazi. Ndani, yule mzee aliyempa kashata kila Ijumaa alikuwa ameanguka juu ya gunia la chumvi, amekatwa panga shingoni na mikononi. Chumvi ilikuwa nyekundu.

Mzee Darweshi alimwosha rafiki yake, akamvika sanda, akamzika. Aliporudi kutoka makaburini alimwambia mkewe Kadija, "Nitanunua bunduki."

Haikuwa kama kununua sukari. Huko Nakuru, kwenye kituo cha polisi, Koplo Kipketer alifungua daftari lake.

"Mzee, hapa hatuanzi na bunduki. Tunaanza na wewe. Umewahi kufungwa? Unakunywa? Ni nani mwenye heshima zake atakayekudhamini?"

Darweshi aliwahi kuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapigana Burma, na mkuu wake wa zamani alimwandikia barua nzuri. Hata hivyo Koplo alikuja Subukia mwenyewe kukagua nyumba. Aliugonga ukuta wa chumba cha kulala, ambapo sanduku la bunduki lingekaa, udongo ukapukutika.

"Mwizi ataondoka na sanduku pamoja na ukuta wako," alisema.

Ikabidi fundi atengeneze sanduku la chuma na kulikaza kwenye ukuta wa mawe wa stoo. Ndipo kibali kikatolewa, na ndipo duka la bunduki mjini lilipokubali kumwuzia raifali. Koplo alimkabidhi kibali mbele ya jamaa yake yote.

"Sikilizeni. Hiki ni kibali cha mtu, si cha nyumba. Mama hakimhusu, watoto hakiwahusu. Mwingine akiigusa bunduki hii, hata kwa kuipangusa vumbi, umevunja sheria wewe, Mzee. Ufunguo ukae mwilini mwako. Na hiki kipande kinachosukuma risasi, bolti, kisilale na bunduki. Bunduki bila bolti ni fimbo tu."

Miraji, kaka yake Nuria aliyekuwa na miaka kumi na saba, alicheka Koplo alipoondoka. "Lo! Bunduki imetawishwa kuliko mwari! Hata mimi kaka mtu siruhusiwi kuuona uso wake."

"Funga mdomo," baba yake alimwambia, lakini naye alitabasamu.

Mwanzoni Darweshi aliificha bolti ndani ya mtungi wa mchele. Lakini kila mbwa alipobweka usiku, alipoteza muda akiipapasa mcheleni. Mwishowe akaitia ndani ya sanduku, pamoja na bunduki na risasi zake.

"Koplo alikuonya," Kadija alisema.

"Koplo hakumwosha Ladan," alijibu.

Ramadhani ikaingia, ikafika ukingoni. Jioni ya kuandama mwezi, Darweshi alivua shati na ufunguo aliouvaa shingoni, akavitundika kwenye msumari karibu na tangi la maji, akavipa mgongo akitawadha kwa maji yaliyomwagika kwa kelele. Nuria alikuwa akipita na jagi la uji wa kufuturu. Akamwona Miraji akiunyakua ufunguo.

"Miraji! Unafanya nini?"

"Risasi moja tu, hewani. Si Baba mwenyewe hutusimulia jinsi mzinga ulivyolia Mombasa mwezi ukionekana? Sisi huku tunaupokea mwezi kama wezi."

"Nitamwambia Baba."

"Mwambie baada ya mlio."

Alikimbilia stoo akicheka, akatoka na bunduki yenye bolti na risasi. Nuria alibaki na jagi lake mkononi, asimwite baba yake.

Mlio ulipasua anga. Ndege waliruka kutoka kwenye mikaratusi. Miraji, bunduki ikiwa juu, alionyesha mwezi mwembamba juu ya vilima. Lakini barabarani walikuwa wakipita askari wa doria, nao waliona mtu mwenye bunduki nyuma ya duka lililopakana na la marehemu Ladan. Hawakuuliza jina. Walifyatua.

Miraji aliketi chini kama mtu aliyechoka. Alishika tumbo, na damu ikapita kati ya vidole vyake.

"Nuria," alisema, "umeuona mwezi?"

Hakusema tena.

Masinde alitoka kinuni mbio. Aliiona bunduki iliyoangukia miguuni pa Nuria, akaiokota ili kumwondolea hatari. Askari wakamvamia kwa vitako vya bunduki. Walimvunja mkono, wakamng'oa meno. "Nani alikupa bunduki?" Kila aliposema ameiokota tu, walimpiga tena. Siku zile, mtu asiye na kibali aliyekutwa na bunduki mkononi angeweza kunyongwa.

Koplo Kipketer alipofika aliangalia sanduku lililo wazi, kisha akamgeukia Darweshi, aliyekuwa bado hajavaa shati.

"Mzee, nani alilifungua?"

Darweshi alimtazama mwanawe aliyekufa. Akamtazama Masinde. Hakujibu.

Kadija alikuwa amekipakata kichwa cha Miraji. Alimnong'oneza Nuria, "Nyamaza, mwanangu. Mmoja ameshaniponyoka. Babako watamfunga."

Nuria alimtazama Masinde. Unga na damu vilikuwa vimeshikana usoni mwake kama kinyago, na jicho moja lililobaki wazi lilimwangalia yeye.

"Miraji alichukua ufunguo," alisema. Akaelekeza kidole kwenye tangi la maji. "Ulikuwa kwenye msumari pale. Nilimwona. Na bolti ilikuwa ndani ya sanduku. Masinde hajui lolote."

Kadija alilia kwa sauti. Darweshi alifumba macho.

"Ni kweli, Mzee?" Koplo aliuliza.

"Ni kweli," alisema. "Kosa ni langu. Mwachieni Masinde."

Asubuhi ya Idi walimzika Miraji, na watu walikuja makaburini na kanzu zao mpya. Masinde alilazwa hospitalini Nakuru. Darweshi alishtakiwa, bunduki ikachukuliwa, akafungwa. Mkono wa Masinde haukunyooka tena, lakini alirudi, na ndiye aliyekiendesha kinu mpaka Darweshi alipotoka jela.

Mwaka uliofuata, jioni ya kuandama mwezi, baba na binti walisimama nyuma ya duka.

"Baba, uliniwekea kinyongo?"

"Wewe?" Alimshika bega. "Nilidhani masharti yale ni ya kumfurahisha Koplo. Kumbe kila sharti limewekwa pale ambapo mtu fulani aliwahi kufa. Nililivunja la ufunguo, nikalivunja la bolti, na mwanangu akapita katikati. Kisha nikanyamaza, nikakaribia kumwua mtu wa pili. Ukweli wako ndio uliomwokoa Masinde, na mimi pia. Siku nyingine ukiona ufunguo mkononi mwa asiyestahili, mwanangu, piga kelele kabla ya mlio."

Mwezi ulitokea juu ya vilima. Kutoka kinuni Masinde aliuona pia. Akanyoosha mkono wake mzima, akazima injini ili waupokee kimya.