Salamu Zilizokatazwa Kiseke

Kilisikika kicheko kwanza. Nkwabi alikuwa sokoni Mwaloni, Kirumba, akichomelea mlango wa banda la dagaa, na kabla hajavua miwani alishajua: Mwanza nzima hakuna mwingine anayecheka hivyo.

"Usigeuke," Bernadeta alisema, akijifanya anachambua dagaa. Alivaa gauni la njano na kilemba cha bluu. "Mama Chenge wa mtaani kwetu yuko pale kwenye sangara."

"Nimekukumbuka, mpenzi."

"Hata mimi, ngosha wangu, mwanaume mkaidi. Umekonda. Nani anakupikia?"

"Kiburi changu."

Akacheka tena, na hapo ndipo wote wawili walipojisahau wakatazamana.

Mtaani kwao Kiseke, Nkwabi alikuwa ametengwa. Jirani alifariki, vijana wakachimba kaburi, yeye hakutokea. Alikuwa kazini Busisi. Alipotakiwa apige magoti kikaoni aombe radhi, alijibu, "Kwani mimi ndiye niliyemuua?" Tangu hapo hakuna aliyemsalimia wala kumuuzia hata kiberiti. Na anayemsalimia aliyetengwa hutengwa naye. Akifiwa, atazika peke yake.

Jioni simu iliita.

"Mama Chenge alitupiga picha pale sokoni, imeshafika kwa kila mtu," Bernadeta alisema. "Kesho wanatutenga, mimi na mama. Na ugonjwa wa mama umezidi, hata uji haupiti tena, Nkwabi. Siku ikifika, nitambeba na nani?"

"Tutoroke."

"Na mama mgongoni?"

Moto wote wa kifuani mwake ukakosa pa kuwaka.

"Basi nitapiga magoti."

Kesho yake akapiga, kwenye vumbi, mtaa mzima ukitazama, akiwa na shati jeupe alilonunua ili aende kujitambulisha kwa kina Bernadeta. Mzee Masalu, mwenyekiti wa kikao, alimwangalia bila hasira, na hilo ndilo lililouma.

"Wewe tumekusamehe, mwanangu. Lakini binti alivunja amri kwa ajili yako. Hatutaitenga nyumba yao ukiapa hutamsalimia tena. Mkikutana, unapita."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mtaa hauna lini."

Bernadeta alisimama nyuma ya kina mama, macho chini. Aliyainua mara moja tu, akaitikia kwa kichwa: apa.

Nkwabi akasema, kwa sauti ya kufika hadi kitandani kwa mgonjwa:

"Bernadeta, nakuahidi mbele ya hawa wote. Nikikutana nawe, nitapita."