Kopo la Kipngetich

Kipngetich aliweka cheni mbili za fedha juu ya meza ninapochanganyia dawa. Moja ilikuwa nyeusi tititi, nyingine inang'aa.

— Hii nyeusi ni ya Wamaitha wa kazini kwetu, akasema. Anapaka dawa yako shingoni. Wiki moja tu, ikageuka hivi.

— Salfa huharibu fedha, nikajibu. Huwa nawaambia wateja wavue.

— Mimi hukuniambia nivue. Na hii safi ni yangu. Miezi nane nimelala nayo, dawa yako iko shingoni. Jerotich, kopo langu lina nini?

Niliendelea kukoroga kama mjinga. Hapa Kiamunyi kila mwenye chunusi ananijua. Napima unga wa salfa kwenye mzani mdogo, gramu tano kwa kila mia, natia kalamini ya kutuliza ngozi na glisarini ya kuilainisha, basi. Watu wanapona. Mchumba wangu Kipngetich peke yake ndiye aliyebaki na uso wa vidonda, na Jumamosi wazee wao walikuwa waje kwetu Olenguruone kuniposa.

— Yako ni kalamini, nikasema. Na manjano kidogo ipate rangi ya salfa.

— Salfa je?

— Hakuna.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

— Kwa nini?

— Ulipokuja mara ya kwanza hukuwa unaangalia mtu machoni. Ni mimi tu ulikuwa unaangalia. Nikaogopa ukipona utaona wengine.

— Ile siku hoteli ya Naivasha ilininyima kazi ya mapokezi juu ya huu uso, si nilikuja hapa?

— Ulikuja.

— Nikalia. Ukanishika kichwa, ukanipaka hii kitu.

Nilimpaka, ndiyo, kwa mkono huu, na moyoni nikafurahi kwamba haendi Naivasha. Anayetaka kuniita mchawi aniite. Nilimpenda na nikamfanyia hivyo, yote mawili ni kweli.

— Mimi nilikuwa nakuoa na uso huu huu, akasema. Sikuwa nangoja kupona.

Akachukua cheni zote mbili, akatoka.

Jioni mama akapiga simu kutoka nyumbani.

— Wazee wa Kipngetich wamesema hawaji tena. Umemfanyia nini mtoto wa watu?

— Mama, nitakupigia.

— Jerotich, nimeuliza umemfanyia nini?

Nikakata simu. Nikanawa mikono, nikapima salfa mara tatu nisije nikakosea hata chembe. Nikajaza kopo jipya na kuandika jina lake juu ya kifuniko. Halafu nikamtumia ujumbe: "Dawa yako iko tayari. Hii ni ya ukweli, naapa. Nikuletee?"

Niliona ameusoma. Nikakaa nimeshika lile kopo, machozi yananitoka bila sauti, mpaka simu ikalia. Alikuwa ameandika neno moja tu.

"Nitajuaje?"