Vikombe Vilivyopungua Funda Moja

Kama una kikombe mkononi, kiweke chini kwanza, maana habari hii inaanza na vikombe kumi na kimoja juu ya sinia, katika wodi ya lishe ya hospitali moja ya Goma, mwaka ambao mabomu ya upande wa Sake yalitikisa vioo hadi watu wakaacha kugeuza shingo. Nshobole, msichana wa mtaa wa Mapendo aliyekuwa katika staji, mafunzo ya kazini ya kuwa mtaalamu wa lishe, alikuwa amepima maziwa ya watoto jikoni, mstari kwa mstari. Kutoka jikoni hadi kitanda cha kwanza ni hatua ishirini tu. Alipofika, kila kikombe kilikuwa kimepungua funda moja, na ukingoni palikuwa na alama mbichi ya mdomo.

"Stajiere, unakunywaka maziwa ya batoto?" aliuliza muzee Zéphirin, msimamizi wake, mtu wa Butembo mwenye kalamu sikioni saa zote.

"Hapana, muzee."

"Basi sinia yako inatoboka."

Mtu mwingine angeogopa. Nshobole alirudi jikoni akajaziliza vikombe, basi. Kwa wiki tatu moyo wake ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, lakini ukiuminya hausemi kitu.

Chanzo kilikuwa mtoto aitwaye Samy.

Katika wodi ile kuna maziwa ya aina mbili. Ya kwanza ni mepesi, ya mtoto aliyefika leo na njaa yake. Ya pili ni mazito, ya yule ambaye mwili wake umeanza kurudi. Ukimpa mgeni maziwa mazito, moyo wake unashindwa kuyabeba. Hilo ni somo la siku ya kwanza, na Nshobole alilifaulu vizuri tu. Lakini asubuhi aliyofika Samy bomu lilianguka karibu, makopo yakabingirika sakafuni, naye akaokota kopo kwa haraka akakoroga.

Mama Samy, mkimbizi wa kambi iliyo mbele ya Keshero, alivaa kitenge cha kijani. Alipokea kikombe, akakirudisha.

"Onja kwanza, dada."

Halikuwa tusi. Goma watu wanaiogopa karuho, ile sumu ya polepole, na mkono usioonja kwanza haunywewi. Muuza pombe huonja. Hata mama yake Nshobole hawezi kumpa bintiye chai kabla ya kupiga funda moja mbele ya macho yake. Lakini Zéphirin alikuwa na sheria yake: maziwa haya hayaguswi na mdomo wa mtu mzima.

"Hapa hatuonjaka, mama. Ni dawa," alijibu Nshobole.

Mama Samy alimtazama, akatii, maana siku nzima ya mkimbizi ni kutii. Samy alikunywa yote, akalamba na kidole. Kabla ya mapambazuko alikuwa ameacha kupumua. Zéphirin aliandika kwamba mtoto aliletwa amechelewa, kama wengi walivyochelewa. Nshobole ndiye aliyelikuta kopo kwenye takataka, akasoma namba yake, ile ya maziwa mazito, akalificha chini kabisa ya mkoba wake. Lingejulikana, staji ingeishia hapo, na miaka mitatu ya masomo pamoja nayo. Hakumwambia mtu. Mama Samy alimbeba mwanawe kumrudisha kambini, na baada ya majuma mawili bomu likaangukia mahema, naye akawa miongoni mwa waliokufa.

Vikombe vilianza kupungua wiki iliyofuata.

Kisha ikaja harufu, moshi wa kuni mbichi na hema lililolowa, humo jikoni ambamo hapakuwa na kuni wala hema. Ikaja na sauti: glu, ya koo la mtu anayemeza bila haraka, mara moja kwa kila kikombe, nyuma ya bega lake, mchana kweupe, huku wauguzi wakicheka varandani na redio ya mlinzi ikisoma habari za mapigano, na kila alipogeuka pakawa pana ukuta tu na ndoo, na alipoangalia tena sinia maziwa yalikuwa yamekwisha kushuka, yakitikisika kidogo kama yanavyotikisika mtu anapotoa mdomo.

Siku hizo kitanda cha saba kilipata mgeni, Charline, mtoto wa miaka miwili mwenye mbavu za kuhesabika, akiletwa na bibi yake. Wenzake kumi walikuwa wamefika kwenye maziwa mazito. Charline peke yake ndiye aliyekuwa kwenye mepesi, na bibi hakuwa amebakiwa na mtu mwingine duniani.

"Huyu mwenye anatembeaka mbele yako ni nani?" bibi alimnong'oneza Nshobole siku ya pili.

"Nani, mama?"

"Ule wa kitenge ya kijani. Anaonja, anapita. Anaonja, anapita." Bibi alishusha sauti zaidi. "Mimi simuogope. Mutu mwenye anaonjea batoto hana mubaya. Lakini weye, anakuangalia sana. Iko kitu anangoja itoke mu kinywa yako."

"Sina kitu, mama."

"Kama hauna, basi."

Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Nshobole aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, na kopo aliendelea kulibeba mkobani, kwenda na kurudi. Akaanza hata kuongeza funda moja katika kila kikombe ili watoto wasipunjwe. Yule anakunywa, hawa wananenepa, kazi inakwenda. Mazoea yana taabu, lakini pia yana usingizi wake.

Alasiri moja mvua ilipiga mabati hadi watu wakawa wanasemeshana kwa mikono. Nshobole alitoka na sinia, akasikia ile glu, akaihesabu bila kutaka kama alivyozoea, moja, mbili, tatu, hadi kumi, kisha ikanyamaza. Akatazama chini. Vikombe kumi vilikuwa vimepungua. Cha kumi na moja, cha Charline, kilikuwa kimejaa.

Bibi alikuwa ameshamwinua mtoto kichwa ili anywe. Alipokiona kikombe, akaufunika mdomo wa Charline kwa kiganja.

"Hii hajaonja," alisema.

Mtoto alilia akikitaka. Harufu ya hema lililolowa ikamjia Nshobole usoni, karibu kabisa, kana kwamba mtu amesimama anamtazama kwa umbali wa pua na pua, anangoja aone safari hii atafanya nini. Akavunja sheria. Akaonja kikombe cha Charline. Kisha akaonja cha jirani yake.

Ladha ilikuwa moja. Nzito, tamu, ya mafuta.

Alikimbia jikoni. Kopo lililokuwa wazi mezani lilikuwa la aina ile ile ya Samy, namba ile ile, na mkono uliolifungua ulikuwa wake. Zéphirin alimkuta amelikumbatia, akasoma namba, akaelewa.

"Umelijuaje hilo kosa?"

"Nimeonja, muzee. Charline hajakunywa."

Zéphirin alikaa juu ya ndoo.

"Niambie, mwanangu. Hii kosa, ni mara ya kwanza?"

Mkoba ulikuwa unaning'inia mlangoni, nyuma ya kichwa cha Zéphirin. Bibi alikuwa amesimama pale na Charline mgongoni, hai. Ile harufu ilikuwa imejaa jikoni, na kwa mara ya kwanza haikutembea, ilitulia kusikiliza. Maneno yalimfika Nshobole kooni. Akayameza. Glu.

"Ndiyo, muzee. Mara ya kwanza."

"Bengine bangeificha," alisema Zéphirin, akampigapiga begani. Harufu ikaondoka wakati huohuo, ghafla. Bibi alimtazama Nshobole, akageuka, akatoka na mtoto.

Tangu siku ile hakuna kikombe kilichopungua wodini. Charline aliongezeka gramu kwa gramu akatoka. Nshobole alipewa dix-sept juu ya vingt, alama kumi na saba kwa ishirini, na kwenye karatasi yake Zéphirin aliandika neno "mwaminifu", akalipigia mstari.

Jumapili baada ya misa, nyumbani Mapendo, mama yake alimmiminia chai ya rangi kusherehekea. Akapiga funda mbele ya macho yake kama kawaida, funda la haja, akamsogezea kikombe.

Kilikuwa bado kimejaa hadi ukingoni, kana kwamba hakuna aliyeonja.

Chumba kikanuka moshi wa kuni mbichi. Nyuma ya bega lake mtu akasema kwa upole, bila chuki yoyote, "Hapa hatuonjaka, dada. Ni dawa."

"Kunywa, mutoto wangu, itapoa," mama yake alisema akitabasamu.

Kumkatalia mama kikombe alichokionja ni kumwita mwenye sumu. Na kumweleza sababu ni kuanza na Samy. Nshobole aliwaza hayo mawili, na hakuna hata moja lililomuuma. Akainamisha kichwa, akanywa.

Chai ile, isiyo na tone la maziwa, ilikuwa nzito, tamu, ya mafuta.