Watoto Hawalali Peke Yao Melini

Ukungu ulikuwa haujatoka kijijini Kyimo asubuhi ile, lakini Tusekile alikuwa ameshachota maji na kuchemsha chai. Mdogo wake, Lugano, alikuwa uani. Alikuwa anafunika maparachichi kwa majani ya migomba. Maparachichi yalikuwa yamechumwa jana yake, nayo yalikuwa yanangoja gari la mnunuzi.

Tusekile ana miaka kumi na minne. Yuko kidato cha kwanza. Lugano ana miaka minane. Baba yao anaitwa Andongwisye, mkulima wa ndizi na parachichi. Mama yao, Jenifer, hakuwapo nyumbani. Alikuwa kwao Liuli, mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, anamuuguza mama yake mzazi, Bibi Esnath.

Jenifer alikuwa amepiga simu.

"Baba Tusekile, mama sasa anakataa hata uji," alisema. "Anawaulizia wajukuu zake kila anapoamka. Walete kwa meli ya wiki hii. Tukingoja ya wiki ijayo, hawatamkuta."

"Nitawaleta," alisema Andongwisye.

Akakata tiketi ya kabini, yaani chumba kidogo cha kulala ndani ya meli, kwa sababu safari ile inalaza watu majini. Karani aliandika majina matatu: mtu mzima mmoja na watoto wawili. Hadi hapo alifanya vizuri, na haki yake nampa. Yaliyofuata ndiyo yanayonichefua.

Walifika bandarini Kyela jua likiwa kali. Watu walikuwa wanapakia magunia ya mchele na mikungu ya ndizi. Lugano alikuwa hajawahi kuona meli. Alishika mkono wa dada yake na kucheka peke yake.

Simu ya Andongwisye ikalia. Alisikiliza, akakuna kichwa, akasema "sawa, sawa" mara nyingi. Kisha akawageukia watoto.

"Gari la maparachichi linakuja leo, halingoji nirudi kutoka Liuli. Inabidi nirudi."

"Na sisi?" aliuliza Tusekile.

"Ninyi mtaendelea. Kabini tumeshalipia. Mtafunga mlango, mtalala, kesho mama yenu atawapokea Liuli. Kuna ugumu gani?"

"Baba mdogo Erasto si yupo? Si anaweza kuyapima?"

Erasto ni mdogo wake Andongwisye. Nyumba zao zinatazamana.

"Erasto hajui kuchagua," alisema Andongwisye. "Atawaachia mazuri kwa bei ya mabovu. Na wewe umeshakuwa mkubwa. Unapika ugali wa nyumba nzima. Wakikuuliza, sema una miaka kumi na minane."

Kwao mtoto hamjibu baba yake mbele za watu. Tusekile alijua hivyo. Lakini alijibu.

"Sitasema, baba."

"Unasemaje?"

"Sitasema uongo. Kama hutaki kwenda kumwona bibi, sema wewe."

Andongwisye aliinua mkono. Watu walitazama. Akaushusha, akawasukuma watoto kwenda kwenye ngazi ya meli. Hapo alisimama karani wa abiria, dada mmoja aitwaye Elina. Alitazama tiketi, akawatazama wote watatu.

"Mtu mzima wa kabini hii ni wewe, baba?"

"Nilikuwa mimi. Nimepata dharura. Watoto wanakwenda wenyewe."

"Hapana," alisema Elina. "Watoto hawa hawapandi."

"Kwa nini wasipande? Nimelipa!"

"Ulilipia kabini yenye mtu mzima. Ukijitoa wewe, kabini inabaki na watoto watupu. Kwenye meli hii mtu yeyote chini ya miaka kumi na minane halali kabini bila mtu mzima anayewajibika naye. Na huyo mtu mzima hulala humo humo."

"Basi wakae huko chini na abiria wengine."

"Huko nako ni hivyo hivyo, baba. Tunasafiri usiku kucha."

Andongwisye alianza kufoka. Alisema watoto wa siku hizi wanalelewa kama mayai. Alisema yeye akiwa mdogo kuliko Tusekile alikuwa amehama nyumba ya wazazi, kama walivyofanya wavulana wa Kinyakyusa zamani. Alilala kwenye kibanda na vijana wenzake.

"Hakuna mtu mzima aliyelala nasi!" alipaza sauti. "Na sisi tulikufa?"

"Baba Tusekile!" Sauti ilitoka nyuma yake.

Alikuwa Hajira, ambaye wengi humwita Mama Ikram. Ana duka Makandana, mjini Tukuyu, na shamba la mumewe, Hamis, linapakana na la Andongwisye. Siku ile alikuja bandarini kupakia ndizi za mteja wake wa Liuli, kisha arudi Tukuyu.

"Shikamoo, Mama Ikram," walisema watoto.

"Marahaba, wanangu." Akamgeukia baba yao. "Kile kibanda chenu kilikuwa wapi?"

"Nyumbani Kyimo. Unapafahamu."

"Nyuma ya nyumba ya baba yako. Mkigombana, alisikia. Mmoja akiumwa, mama zenu walifika na maji ya moto. Sasa niambie, huko katikati ya ziwa, Lugano akiumwa usiku nani atasikia? Meli ikipata hitilafu, nani atamvalisha jaketi la kujiokolea? Mtu asiyemjua akigonga mlango wa binti yako, utatoka Kyimo kumfukuza?"

Andongwisye akamgeuzia Hajira mgongo. Alitafuta njia ya mkato. Aliangaza macho kwenye foleni, akamwona kijana mmoja aitwaye Prosper.

"Wewe! Wewe si wa Kyimo?"

"Wa kule juu, karibu na kanisa," alijibu Prosper.

"Huyu hapa!" Andongwisye alimwambia Elina. "Ndugu yetu. Muandike yeye, alale nao."

Prosper alirudi nyuma hatua moja. "Mimi sina shida, mzee, lakini hawa watoto siwafahamu."

Tusekile alitazama pembeni ili watu wasione machozi yake. Hayakuwa machozi ya huzuni. Yalikuwa ya hasira.

Hapo Hajira naye alishindwa kujizuia.

"Andongwisye!" Hakumwita Baba Tusekile tena. "Maparachichi yako humwachii hata Erasto, ndugu yako wa tumbo moja. Lakini watoto wako unamwachia mtu yeyote aliyetoka Kyimo! Hata jina lake hulijui!"

Mama mmoja mwenye kuku kwenye foleni alisema, "Ameambiwa."

Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa Jenifer. Andongwisye alianza kumweleza habari za gari, na Hajira aliisikia sauti ya Jenifer kutoka pale alipokuwa amesimama.

"Mama yangu anakufa, wewe unapima maparachichi? Mpe simu mtu mwenye akili!"

Hajira aliichukua simu.

"Jenifer, ni mimi, Mama Ikram. Tulia kidogo. Elina, hebu tuambie. Mzazi akijitoa dakika za mwisho, kuna njia gani?"

"Njia zipo," alisema Elina. "Njia ya kwanza, mzazi mwenyewe asafiri. Njia ya pili, mtu mzima mwingine achukue nafasi yake. Si wa kuokota kwenye foleni. Awe anajulikana kwa wazazi wote wawili na kwa watoto wenyewe, awe na kitambulisho, na mwenyewe akubali. Mzazi aandike ruhusa na kuweka namba zake za simu. Sisi tunabadilisha jina kwenye kabini kabla ngazi haijatolewa. Kwa kuwa kuna binti, mimi nitataka mwanamke. Na watoto tunawauliza pia. Mtoto akisema hamtaki, tunaishia hapo."

"Na kama hakuna mtu wa hivyo?" aliuliza Hajira.

"Watoto wanarudi nyumbani. Safari huahirishwa. Angetuambia mapema, tungemsaidia kupanga vizuri. Mzazi mwingine atakuja kukuta hatuna muda kabisa."

Honi ya meli ililia. Lugano aliruka kwa hofu, akajificha nyuma ya dada yake.

"Dada," alinong'ona, "bibi hatutamwona?"

Andongwisye alimsikia. Alitazama meli, akatazama barabara. Niliposimuliwa habari hii niliomba moyoni kwamba atapanda. Hakupanda.

Hajira alivuta pumzi. "Jenifer, nikienda nao mimi, unakubali?"

"Mama Ikram! Na duka lako? Kesho si soko?"

"Hamis atafungua. Nijibu."

"Nakubali. Nakubali hata mara mia."

"Watoto, mnanitaka?"

"Ndiyo," alisema Tusekile. Lugano alikuwa tayari ameshika kanga yake.

Elina alikagua kitambulisho cha Hajira. Andongwisye aliandika ruhusa kwa mkono wake mwenyewe, akaweka sahihi. Elina alimsomea Jenifer ile ruhusa kwenye simu, neno kwa neno. Kisha akafuta jina la Andongwisye kwenye kabini na kuandika la Hajira. Andongwisye alisema, "Ndaga fijo, Mama Ikram," yaani ahsante sana.

"Usinishukuru," alisema Hajira. "Kimbia, maparachichi yako yasije yakalia."

Hajira alipanda meli na mkoba wake mdogo tu, bila hata nguo ya kubadilisha. Usiku upepo uliichezesha meli. Lugano alitapika mara kadhaa. Hajira alimshika paji la uso, akamnywesha maji kidogo kidogo, akamwita mhudumu. Tusekile aliona yote haya kutoka kitanda cha juu. Alijua kwamba yeye peke yake, na giza lile na mlango ule, angelia tu.

Walimkuta Bibi Esnath yu hai. Alikuwa amepungua sana. Aliwapapasa nyuso, mmoja baada ya mwingine.

"Huyu ana pua ya babu yake," alisema kuhusu Lugano. Akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Na baba yenu amewaleta?"

Jenifer alitoka nje. Tusekile alijibu, "Ametuleta Mama Ikram, bibi."

"Mungu ambariki," alisema bibi. Hakuuliza tena.

Bibi Esnath alifariki wiki ile ile. Andongwisye alikuja kwa mabasi, akizunguka njia ndefu ya Songea. Alifika watu wanatoka makaburini. Jenifer alimpa maji ya kunawa na chakula, kama mke anavyompa mume. Hakumpa neno hata moja.

Na lile gari? Andongwisye aliporudi Kyimo kutoka bandarini, alikuta limeshaondoka. Erasto alikuwa ameyachagua maparachichi, ameyapima na kuyapakia. Bei aliyopata ilikuwa ile ile waliyopatana.

"Nilidhani uko melini," Erasto alimwambia. "Kwa nini hukunipigia tu?"

Jenifer alibaki Liuli kumalizia msiba. Hajira alisharudi zamani kwenye duka lake. Watoto walitakiwa shuleni, kwa hiyo safari hii wa kuwarudisha alikuwa Andongwisye tu. Mapema kabisa alikwenda na Jenifer kwa wakala wa meli. Hakufoka. Aliuliza utaratibu wote, kwa kuwa kila chombo kina masharti yake, na aliandika jina lake kama mtu mzima wa kabini. Halafu aliuliza jambo ambalo hakuna aliyemtuma kuuliza.

"Nikipatwa na jambo la kweli nisiweze kusafiri, nani atachukua nafasi yangu?"

Jenifer alimtazama. Ndipo akasema neno la kwanza.

"Ataichukua Lusungu, dada yangu. Watoto wanamjua. Yuko tayari, na kitambulisho chake kipo. Mwandikie ruhusa leo, siyo siku ya meli."

Andongwisye aliandika. Kisha alimpigia Erasto, akamwambia kwamba mambo yote ya maparachichi yako mikononi mwake, na asimpigie simu hadi afike Kyimo.

Siku ya safari Elina alikuwa kwenye ngazi. Aliwakumbuka.

"Mtu mzima wa kabini hii?"

"Mimi," alisema Andongwisye.

"Unasafiri, au umekuja kuaga?"

Andongwisye aliinamisha kichwa. "Nasafiri."

Elina alimgeukia Tusekile. "Binti, twendeni, pandeni."

Tusekile hakusogea. Alimshika Lugano mkono, akamtazama baba yake usoni.

"Apande yeye kwanza," alisema. "Akishaingia ndani, ndipo sisi tutapanda."

Foleni nzima ilingoja. Andongwisye alichukua begi lake na begi la Lugano, akapanda ngazi, akaingia kabini, akakaa kwenye kitanda cha chini. Kisha watoto wake walipanda.