Kamera Mbili za Muhiddin

Kwanza kilikuwa kikombe. Kilipinduka shibiri moja na mkono wa Shemsa, na hapana aliyekigusa. Akafuta chai, akaendelea. Nyumba ile ya Mkunazini yeye na mumewe walipewa baada ya Mapinduzi. Mwenyewe wa kwanza, kabaila, alikimbilia Maskati, lakini jini wake hakuna aliyemwambia ahame. Miaka yote alikuwa akipiga pembeni: glasi, taa, siku moja kofi lililovuma sikioni mwa Shemsa na kuishia ukutani. Kila Alhamisi walimfukizia ubani.

Kisha mumewe Muhiddin akaukataza. Mpiga picha wa kisasa, alisema, hawafukizii makabaila.

Alikuwa amefunga kamera mbili juu ya ubao mmoja, mfano wa macho ya mtu, ili picha mbili zikitazamwa pamoja uone kilicho mbele na kilicho nyuma. Kamera lazima zipatane kwanza. Basi Shemsa alishikishwa bao la dama, sogea, rudi, naye Muhiddin akipima kwa ile miraba myeusi na myeupe.

"Tulia. Unatetemeka kama mwari."

Ukumbi ulianza kunuka manyoya mabichi. Picha moja moja hazikuwa na kitu. Zilipotazamwa pamoja, mkono wa tatu, mrefu, ulikuwa umelishika bao.

Shemsa akamwita mganga, Bi Wanu wa Fumba. Bibi akanusa, akanong'ona.

"Huyu ana chongo, mwanangu. Hajui karibu wala mbali, ndiyo maana akiwakosa. Sasa kwa kamera zenu mbili mmemtia darasani. Anataka jicho la pili, na mwenye nyumba, mumeo, ndiye atakayesema la nani."

Muhiddin, ambaye asubuhi ile hakuamini majini, aliamini upesi sana. Yeye anakula kwa macho, alisema. Mke anapika tu. Akamsukuma Shemsa mbele yake.

"Chukua la aliye mbele."

Na mchana ule ule mweupe, muuza kahawa akigonga vikombe vyake uchochoroni, ile harufu ikazidi, ubao wa sakafu ukalia, ukalia tena karibu zaidi, na Shemsa, aliyekwisha zoea kusogea na kurudi kwa amri ya mumewe, safari hii akarudi bila ya kuamriwa, akampita begani, akasimama nyuma yake.

Jini hakukosa.

Muhiddin alipiga magoti, viganja usoni. Sauti ikaja taratibu, juu ya kichwa chake:

"Hili na langu hayapatani. Nipe na mwenzake."

Muhiddin akapapasa nyuma, akimwita mkewe kwa jina, kwa upole ambao hajapata kumwitia.

Shemsa alibaki pale pale.